Ndiyo ya Adabu Kwenye Treni ya Uswisi

Mume wangu akimenya chenza ndani ya nyumba, mimi hutoka nje. Hilo halina mjadala. Juzi alisahau, akamenya moja mezani huku madirisha yote yamefungwa kwa baridi, nami nikabeba ungo wangu wa maharage niliyokuwa nachambua, nikaenda kukaa kwenye ngazi za mbele na blanketi begani kama mlinzi wa zamu. Jirani akapita na mbwa wake, akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna, ni matunda tu.

"Wewe mwanamke," mume wangu akasema kutoka dirishani, "watu wanaota maisha yao yote kupanda treni ya Alps. Wewe ulipandishwa ukiwa mtoto, na ulichorudi nacho ni kuogopa chenza."

Ana haki ya kunicheka. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka hapa Kensington, Johannesburg, kwenda mjini tu huanza kujiandaa tangu jana yake, na Durban nimekuwa nikiahidi kwenda tangu tuoane. Shule niliishia matriki, kidato cha mwisho, tena jiografia nilipewa alama za kuonewa huruma, kwa hiyo mtu asinitegemee kumweleza Alps ziko upande gani wa dunia. Lakini nimefika. Nimezipita kwa treni nyekundu yenye madirisha yanayopanda mpaka darini, na safari yenyewe nusura iwe ya kwenda bila kurudi.

Nilikuwa na miaka kumi. Ulikuwa ule msimu wageni walipoanza kupigwa mtaa wa Alexandra, kisha mambo yakasambaa mitaa mingine. Sisi huku hatukuguswa, ila baba alikuwa na duka la vitambaa mjini, na kila jioni alirudi na habari alizomsimulia mama jikoni kwa sauti ya chini, bomba la maji likiwa wazi ili nisisikie. Mimi nilichokiona ni kwamba situmwi tena spaza, kile kiduka cha mtaani, kununua mkate, na kwamba mama amenikataza kusema Kiswahili barabarani. Nikadhani Kiswahili kimekuwa tusi. Na kwa kuwa nilikuwa mtoto wa adabu, nikaacha kukisema hata nyumbani, mpaka mama akaniuliza kama naumwa koo.

Dada yake baba, Shangazi Zuhura, aliishi Uswisi. Alikuwa ameolewa na Mswisi, fundi wa reli, na hawakujaliwa mtoto. Mimi nilikuwa somo yake, maana nilipozaliwa baba alinipa jina lake. Kwetu Tanga, shangazi asiye na mtoto akimwomba mtoto wa kaka yake, hilo si ombi la ajabu. Ajabu ni kumnyima. Basi yeye na baba wakakubaliana kwenye simu: shangazi atume mwaliko, mama anipeleke, na nikipapenda nibaki nisome huko, mbali na marungu. Baba aliogopa, na mtu aliyeogopa huwa mwepesi wa kukubali.

Mimi sikuambiwa. Kwetu mtoto haambiwi, hupelekwa. Mama naye hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Nimesikia," kisha akaenda kuanua nguo. Hayo nimeyajua ukubwani. Nimejua pia kwamba yale maneno madogo, nikipapenda, ndiyo yaliyokuwa mlango pekee mama aliobakiziwa. Na mimi, kwa mikono yangu mwenyewe, nikaanza kuufunga.

Niliona vizuri kwamba mama hana raha. Uwanja wa ndege alinishika mkono kama anayevuka barabara kwenye robot mbovu, zile taa za barabarani. Nikaamua ni woga wa ndege. Niliona pia kwamba begi langu ni kubwa kuliko lake, na kwamba ndani mna nguo zangu zote, za kipupwe na za kiangazi, hata sare ya shule. Nikaamua Uswisi kuna baridi kiasi kwamba mtu huvaa nguo zake zote kwa pamoja. Mtoto akiamua jambo lake, huwa limeshapita.

Basi nikajipa kazi ya kumchangamsha mama. Njia niliyoijua ilikuwa kusifia.

"Mama, ona ngazi zao zinavyong'aa!"

"Nimeona."

"Mama, hata maji ya bomba matamu!"

"Haya."

"Mama, njoo uone chumba changu, kina dirisha la milima!"

Nilisema chumba changu kwa sababu shangazi ndivyo alivyokiita. Mama alikuja, akasimama kizingitini, akatazama kile kitanda kidogo kipya chenye shuka la maua, halafu akasema anakwenda kupumzika. Nikadhani sijasifia vya kutosha. Nikaongeza bidii.

Ukweli wangu niliuficha. Lile shuka lao la manyoya lilikuwa jepesi mno, nililala kama sijafunikwa. Usiku hakuna aliyepiga honi, hakuna mtoto aliyelia, hakuna aliyemwita mwenzake kutoka ng'ambo ya barabara. Nilikaa macho nikisubiri mtu yeyote agombane na yeyote.

Mawifi wawili, kwa nje, walikuwa wamechangamka. Ndiyo kazi ya mawifi.

"Wifi, mbona umekonda hivyo? Kaka yangu hakulishi?"

"Ananilisha, ila siku hizi tunakula huku tunasikiliza mlango."

"Basi kula huku, huku kuna amani."

"Nile nini? Jibini hili lenye matundu? Panya wamewatangulia, wifi."

Shangazi alicheka mpaka akashika meza. Alikuwa mwanamke mrefu, mzuri, mwenye sauti ambayo ilikuwa imezoea kushushwa. Ndani ya nyumba ile ya ghorofani alicheka kwa kuziba mdomo, kwa sababu ya majirani.

Treni ilikuwa wazo lake. Mumewe alipata tiketi kwa sababu ya kazi yake, yeye mwenyewe akabaki zamu, tukaenda watatu. Shangazi alipanga iwe siku ya mwisho wa mambo: mtoto akishaiona ile milima, atasema mwenyewe kwa mdomo wake kwamba anataka kubaki. Alivaa koti jipya rangi ya maziwa kwa ajili ya picha. Mama aliamka kabla ya watu wote, akakaanga kachori kwa bizari aliyotoka nayo Johannesburg, akajaza hotpoti, akajaza chupa ya chai ya tangawizi.

"Wifi, kwenye treni kuna mkahawa," shangazi akasema.

"Kaa nao," mama akajibu.

Nitaeleza nilivyoona, si kama wanavyoandika kwenye matangazo. Behewa zima lilijaa wazee wenye nywele nyeupe, wametulia kama wanasubiri kuitwa majina. Treni ilipanda bila kelele. Nyumba za mbao zikabaki chini, kuni zimepangwa ukutani sawasawa kama vitabu. Ng'ombe walivaa kengele. Mto ulikuwa wa kijani kilichotiwa maziwa. Tukapita juu ya daraja la mawe lenye matao, jembamba, limepinda, nikaona kichwa cha treni yetu wenyewe kikiingia kwenye tundu la mlima mbele yetu, kama funza anaingia embeni.

Kisha yakaanza mahandaki. Tuliingia, tukatoka, na kanisa dogo jeupe tulilokuwa tumelipita nikaliona tena, safari hii chini yetu. Tukaingia, tukatoka. Kanisa lile lile, dogo zaidi, tena upande wa pili. Tulipoliona mara ya tatu nilijua: dereva amepotea. Anazunguka, hajui njia, na wazee hawa wote wanaona aibu kumwambia. Nikatafuta hofu kwenye nyuso zao, nikakuta tabasamu, nikasema kimoyomoyo kwamba hawa nao wamelelewa vizuri. Ndipo nilipoanza kusikia kichefuchefu.

"Pazuri!" nikasema kwa nguvu, kumtuliza mama asigundue.

"Anapapenda," shangazi akasema, akinibana shavu. "Si nilikwambia, wifi? Huyu somo yangu. Damu yangu hii."

"Damu yako mbona imeng'ang'ania kiti?"

"Ni furaha."

Mama alifungua hotpoti. Harufu ya bizari na pilipili ikajaa behewa, na vichwa vyeupe vikageuka kimoja baada ya kingine.

"Zuhura," mama akaniambia, "karibisha watu."

Wenzangu mliolelewa kama mimi hamhitaji maelezo. Chakula kikifunguliwa mbele ya watu, watu hukaribishwa. Anayekaribishwa hukataa kwanza, ndiyo adabu, na mkaribishaji husisitiza, nayo ni adabu. Nikabeba hotpoti kwa mikono miwili nikaanza kiti cha kwanza. Mama mmoja wa miwani akasema hapana, asante. Nikabaki nimesimama. Akasema tena hapana, asante. Nikatabasamu, nikaisogeza hotpoti mpaka karibu na pua yake. Akamtazama mumewe. Mumewe akatazama mlima.

Shangazi alinifuata mbio. "Somo, rudi ukae. Huku mtu akisema hapana, ni hapana."

Mama akadakia kutoka kitini, "Eti nini? Na akisema ndiyo?"

"Ni ndiyo."

"Mara moja tu?"

"Mara moja tu, wifi."

"Masikini," mama akasema, na kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani nikamwona anacheka. "Maisha gani hayo, mtu habembelezwi hata kachori?"

Mama alivyocheka, mimi nikapata nguvu mpya. Nikaruka viti viwili nikamfikia mzee mmoja mwenye masikio makubwa aliyekuwa peke yake dirishani. Yeye alikataa mara moja tu, kwa kidole, kisha akanitazama, akatazama hotpoti, akachukua. Akaila kachori nzima kwa mkupuo. Pilipili ilimkuta katikati ya kutafuna. Akawa mwekundu kama treni yenyewe, machozi yakamtoka, akainua dole gumba. Na kwa shukrani, akatoa chenza mfukoni, akalimenya polepole, akanikabidhi nusu.

Mimi tumbo langu lilikuwa limekwisha kukataa tangu tulipoliona kanisa mara ya tatu. Lakini mkubwa akikupa kitu, unapokea kwa mikono miwili, na unakula mbele yake. Nikala pande baada ya pande, harufu ile ikinipanda puani, treni ikipinda, mzee akitabasamu, nami nikitabasamu. Sikuweza kusema hapana. Hakuna aliyewahi kunifundisha inasemwaje.

Nilipogeuka kurudi, shangazi alikuwa amesimama kwenye njia ananisubiri na mikono wazi. Nikatapikia koti lake.

Hakunigombeza. Hilo lazima niliseme. Alinibeba, mtoto mkubwa wa miaka kumi, akanipeleka chooni mwa treni, akaninawisha uso, akafuta viatu vyangu kwa kitambaa chake cha kichwani. Koti akalivua akalitia kwenye sinki bila hata kulitazama. Kisha akapiga magoti kwenye ile sakafu inayotikisika, macho yake sawa na yangu.

"Somo, nikuulize kitu. Baba yako amekubali ukae na mimi huku, usome huku. Mama yako atarudi. Mimi nitakulea kama niliyekuzaa. Unataka?"

Hapo ndipo nilipolielewa begi. Nililielewa lote kwa mpigo, na sare ya shule, na kile kitanda cha maua, na mkono wa mama uwanjani.

"Ndiyo, shangazi," nikasema.

"Kweli?"

"Ndiyo, shangazi."

"Utafurahi?"

"Ndiyo, shangazi."

Mikono nyuma, macho chini, kisigino kimoja juu ya kingine. Ndivyo tunavyosimama mbele ya wakubwa. Nilikuwa nikijisikia kufa, na sauti yangu ilikuwa safi kama ya mtoto anayesoma mbele ya mgeni rasmi. Mtu akagonga mlango. Shangazi alitazama visigino vyangu, kisha akasimama, akafungua mlango, akanishika mkono.

Mama alikuwa anamimina chai.

"Nimemuuliza," shangazi akasema, akikaa.

Mkono wa mama ukasimama. "Kasemaje?"

"Kasema ndiyo."

Mama akairudisha chai kwenye chupa, yote, bila kumwaga tone, akafunga kifuniko, akakaza. "Haya," akasema. "Basi." Akageukia dirisha.

"Wifi, hujaniuliza ndiyo gani."

Mama akageuka polepole. "Ndiyo gani?"

"Ile yetu."

Wakatazamana. Nje kulikuwa na theluji tupu sasa, nyeupe pande zote, na mwanga wake uliwafanya wote wawili waonekane wamechoka.

"Mimi niliulizwa nikiwa umri wake huu," shangazi akasema. "Shangazi yetu alikuja kutoka Mombasa kunichukua. Nikasimama mbele ya baba, nikasema ndiyo, kwa sauti nzuri, mpaka wakanisifu. Kule nililia mpaka godoro likaota ukungu. Na kila aliyekuja kunitazama akaniuliza kama nina raha, nikamjibu ndiyo."

"Hujawahi kutuambia, wifi."

"Nani aliwahi kuniuliza mara ya pili?"

Shangazi akaninyoosha ukosi wa blauzi, akaupapasa kama anaufuta vumbi ambalo halikuwepo. "Mtarudi wote wawili," akasema. "Kaka nitampigia mimi. Mimi ndiye niliyeomba, mimi ndiye ninayerudisha. Hatakulaumu."

Mama hakusema asante. Alifungua hotpoti, akachagua kachori kubwa kuliko zote, akamnyooshea. "Kula, wifi."

"Nimeshiba."

"Kula."

"Nimeshiba kweli, wifi yangu."

"Zuhura, mkaribishe shangazi yako."

Nikamkaribisha. Shangazi akaila, na ya pili, uso wake ukielekea kwenye kioo, mabega yakimtikisika. Sikuelewa kwa nini mtu aliyesema ameshiba anakula huku analia. Nikadhani pilipili.

Sasa naukaribia umri aliokuwa nao siku ile, na nafikiri zaidi juu yake kuliko juu ya milima. Angeweza kunyamaza. Alikuwa na ndiyo yangu mkononi, tatu, safi, na hakuna mtu kwenye ukoo wetu ambaye angemhoji. Chumba kilikuwa tayari. Aliporudi nyumbani siku ile alikuta kitanda kile kile na shuka lile lile la maua, na sijui alilifanya nini baada ya sisi kuondoka. Sijamuuliza. Hunipigia simu siku za Ijumaa na kunitania kuhusu koti, nami namwambia aje nimlipe kwa kachori.

Baba alikuja kutupokea uwanja wa ndege. Alikuwa ameshapigiwa simu, maana hakuuliza lolote. Alilibeba lile begi langu kubwa begani, akaniwekea mkono kichwani, akauacha hapo mpaka kwenye gari. Mitaa ilikuwa imetulia kidogo, akasema. Mama akasema, "Nimesikia."

Kulikuwa na jambo moja ambalo baba hakulisema mpaka tulipofika mlangoni. Chumbani kwangu, juu ya kitanda changu, alikuwa amekaa mwanamke aliyefunga kitenge kichwani, mabegi yake yamezunguka miguu yake. Ni Mkongo, msusi, aliyetoka Alexandra na alichoweza kubeba. Baba alimkuta amelala kwenye veranda ya duka, akampa chumba, kwa kuwa kilikuwa hakina mtu tena. Alikuwa amejua hakina mtu tena tangu siku aliyotusindikiza.

Mama alimtazama baba mtazamo ambao hata mimi niliuelewa.

Yule mwanamke akasimama haraka. "Njo weye mutoto mwenye chumba?" akaniuliza. "Pole, maman. Unataka nitoke?"

Wakubwa wote watatu wakaniangalia. Nikakumbuka kile chumba kingine chenye dirisha la milima, na ule usiku usio na honi.

"Hapana," nikasema. Ilitoka kwa sauti mbaya, ya kukwaruza, na nilikuwa namwangalia usoni.

Nikahamia chumba cha baba na mama, katikati yao, muda mrefu kuliko inavyomfaa mtoto wa umri ule. Na kila baba alipolalamika kwamba nampiga mateke na hapati usingizi, mama alimwambia aende yeye akalale Uswisi.